Mashini Tuliyogawana Kalemie

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote pamoja na vumbi lake. Nilikuwa binti wa kuvaa viatu vya kisigino, natembea kutoka nyumbani kwetu hadi biro letu, ofisi yetu ya kazi, karibu na stesheni, nikijisikia mtu mkubwa. Asubuhi ile sikusikia honi ya treni. Nilisikia watu wakivunja milango ya maduka. Zilikuwa zile siku za uporaji ambazo wakubwa wenu bado wanaziita pilaji. Mkubwa wetu wa kazi, Papa Kisimba, alitufungulia mlango wa nyuma, akatuambia tuingie na tusiseme na mtu.

Ngoja nikueleze kwanza tulikuwa nani na tulikuwa tunalinda nini, usije ukasema bibi ameanza katikati.

Wewe una simu mfukoni, na kwako kompyuta ni kitu cha kushika kiganjani. Ya kwetu ilisimama kama kabati la nguo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mabehewa na mizigo iliyopita bandarini. Usoni ilikuwa na safu ya vitufe vya kupandisha na kushusha, na juu ya kila kitufe taa ndogo nyekundu. Wazungu walioileta waliiita mashini ndogo, kwa sababu kwao zilikuwepo nyingine za kujaza nyumba nzima. Sisi tulilicheka sana hilo neno "ndogo", maana wanaume walioishusha kutoka kwenye behewa waliishusha huku wakitukana.

Tulikuwa watu watano wa mashini. Papa Kisimba alikuwa mkubwa wetu, mtoto wa wavuvi aliyesomeshwa na mapadri. Mimi Veronika nilikuwa nachapa hesabu za kuilisha mashini na kupandisha vitufe vyake. Mama Bernadeta alitunza kadi za ndani na nyaya. Ilunga alitunza mashini ya kuchapia majibu kwenye karatasi, na mdomo wake ulikuwa haupumziki kama ile mashini yake. Wa tano alikuwa Mulongo, mtu mrefu, mkimya, aliyetunza kile chuma kizito cha chini kinachopokea umeme na kuugawa kwa sehemu nyingine. Tulikiita alimantasyon. Mulongo ndiye aliyefika wa kwanza kila asubuhi na kuondoka wa mwisho.

Nakwambia, sijawahi tena kupenda kazi namna ile. Chumba kilinukia mafuta na vumbi lililopata joto. Feni zikianza kuvuma, Papa Kisimba alisalimia mashini kwa Kifaransa, na sisi tulimcheka nyuma ya mgongo. Saa sita Mama Bernadeta alifungua bakuli lake la ndakala, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga, tukala tumesimama nje, kwa sababu ndani chakula kilikatazwa. Wanaume walivaa mashati meupe. Leo nikipita pale naona ukuta umeota majani, na moyo unaniuma kama wa mtu aliyeahidiwa kitu asikipate.

Sasa rudi nami kwenye ile asubuhi. Wenye kupora walikuwa barabara ya pili. Mashini ilikuwa inafanya kazi, inachapa orodha ya treni, na Mulongo aliizima katikati ya neno. Papa Kisimba akachukua bisibisi, akaanza kuifungua vipande, na huku anafungua anatuambia desturi ya wazee wake. Kando ya ziwa, wavu mkubwa wa kukokota haukuwa mali ya mtu mmoja. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake. Wakimaliza kuvua walifungua kamba, na kila mmoja akaenda kulala na kipande chake nyumbani. Mwizi akiiba kimoja hajapata wavu. Na watu wa wavu wakikosana, hakuna anayeingia ziwani mpaka wote waende kwa miguu yao nyumbani kwa aliyekosewa, wamchukue yeye na kipande chake.

"Leo njo tutafanya vile," alisema. "Kila mutu abebe kipande yake. Hakuna kuuza, hakuna kuonyesha. Na mutu asijue mwenzake ameficha wapi, juu wakikukamata watakupiga mpaka useme. Siku inchi itatulia, tutaiunga."

Mulongo akapewa alimantasyon. Ilunga mashini yake ya kuchapia. Mama Bernadeta kadi na nyaya, akazitia kwenye magunia ya unga. Papa Kisimba akabaki na uso wenye taa. Mimi nikapewa kadi moja tu, ukubwa wa kitabu cha sala, na ndani yake vipete vyeusi vidogo kuliko punje za ulezi, vimefumwa kwa nyuzi nyembamba za shaba. Nilikuwa na kiburi cha ujana. Nikasema, "Papa, wengine munawapa kazi, mimi munanipa shanga?"

Hakupandisha sauti. Alinitazama tu, huku kelele za barabarani zinakaribia.

"Vero, mimi sipimi uzito. Mulongo amebeba nguvu ya mashini, wewe umebeba kumbukumbu yake. Mutu mwenye anachagua mzigo kwa macho, siku moja atauacha njiani. Enda."

Nilienda. Nilikuwa nimeona haya hadi masikioni, mwanangu, na ile haya ilinisaidia, kwa sababu kadi hiyo ilikuja kunisumbua. Vita vilipokuja nilivuka nayo ziwa hadi Kigoma, imefungwa katikati ya vitenge vya mtoto. Mama mkwe wangu alipoziona zile shanga alitaka kuzifumua amvishe mjukuu wake kiunoni, na nilipokataa alininunia msimu mzima wa mvua. Alisema nimeolewa na kitu cha ofisi. Mume wangu akaniuliza, "Kwani hii inafanya nini?" Nikamjibu kwamba sijui vizuri, ila nimeambiwa nitunze. Akacheka, akaniacha.

Tuliporudi Kalemie nilikuta neno limetangulia. Watu walisema Mulongo amekula shaba. Alimantasyon ina nyuzi nyingi za shaba tumboni, na miaka ile wanunuzi wa shaba walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Basi Mulongo akaezeka nyumba yake kwa mabati mapya, na hiyo ikatosha. Mabati yalitoka kwa kaka yake aliyekuwa na kazi kwenye mtambo wa umeme kule mahali panapoitwa Bendera, lakini nani aliuliza? Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Methali hiyo ni nzuri, lakini mtu mvivu akiishika anaifanya panga. Na aliyelianzisha neno lile sokoni alikuwa Ilunga.

Mimi niliwajibu. Mdomo wangu mnaujua. "Wewe ulimwona akiuza? Na wewe? Nani alimwona?" Hakuna aliyeona, lakini wote walijua. Mulongo mwenyewe hakusema kitu, na hapo ndipo ugumu wake unapoanza. Angeweza kumaliza maneno yote kwa kuwaita watu ndani na kufunua kile chuma. Lakini alikuwa ameambiwa asionyeshe, na nchi ilikuwa bado haijatulia. Mke wake akapitwa bila kusalimiwa kwenye foleni ya maji. Mtoto wao akarudi kutoka shuleni akiwa amepachikwa jina la Shaba. Siku moja walipanda treni kwenda Kabalo kwa wakwe zake, na kwa miaka mingi Mulongo hakukanyaga tena Kalemie.

Miaka ikapita, nikazeeka. Papa Kisimba alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita, akanishika mkono, akasema, "Vero, muiunge. Na Mulongo awepo." Tulimzika wiki hiyohiyo.

Mwanangu, nilijua kitu gani juu ya kuunga mashini? Kuchapa tu. Lakini ninaye Feza, binti wa mdogo wangu, anayefundisha umeme kwenye shule ya ufundi. Nilipomwonyesha ile kadi alikaa chini. Aliniambia vile vipete havihitaji umeme ili kukumbuka. Kitu vilichoambiwa mara ya mwisho vinakishika, hata ukiviweka sandukuni miaka mingi. Akasema tukipata vipande vyote, mashini inaweza kuamka, na shule itatupa chumba.

Tukaanza kukusanya. Mjane wa Papa Kisimba alitoa ule uso wa taa kutoka nyuma ya picha ya Bikira Maria. Mama Bernadeta alikuwa bado na magunia yake, ingawa panya walishakula ngozi ya nyaya. Ilunga alileta mashini ya kuchapia kwenye mkokoteni, akiisifu njia nzima. Kabati lenyewe la mashini, tuliloliacha tupu ofisini ile asubuhi, tulilikuta kwa jirani wa Ilunga, limegeuzwa banda la kuku. Tulimpa jirani banda jingine la mbao, tukaosha mavi ya kuku asubuhi nzima, mimi na Mama Bernadeta, wazee wawili tunacheka kama wasichana.

Ikabaki alimantasyon. Ilunga akasema, "Hapo musijisumbue. Ile ilishakuwa sufuria kitambo." Feza akasema bila kile chuma atalazimika kuunda kingine, na anaweza. Nikamwambia, mtoto wangu, kuunda unaweza, ila ukiunda kingine tumekwisha kukubali kwamba Mulongo ni mwizi. Atakufa hivyo, na wajukuu wake watabaki hivyo. Feza akaweka pasi yake ya kulehemu mezani. Tukangoja treni.

Kabalo tulimkuta Mulongo karibu na mto, ameketi anatengeneza jembe. Urefu ule ulikuwa umepinda. Alinitambua kabla sijafika uani.

"Karibu Mama Vero."

"Asante Papa Mulongo. Papa Kisimba ametuacha. Alisema tuunge, na wewe uwepo."

Akafuta macho kwa nyuma ya mkono. Kisha nikamwambia nimekuja kwa ajili ya kile kitu.

"Kitu gani?" alisema. "Watu wa Kalemie walishasema nilikikula. Kama niko mwizi, mwizi hana kitu ya kurudisha. Kama siko mwizi, basi wale wenye walinisema wakuye wao wenyewe, wakamate na mikono yao. Wewe Vero sikukatai. Lakini sikupatii."

Feza alitaka kusema, nikamkanyaga mguu. Hakutwambia kama anacho au hana. Mke wake alitupikia ugali na samaki, tukala, tukalala, tukaondoka mikono mitupu. Ndani ya treni Feza aliniuliza kama naamini chuma kipo. Nikamjibu kwamba naamini, lakini moyoni nilikuwa naogopa. Maana njaa ilipita kote, na mimi mwenyewe nisingemlaumu mtu aliyeuza shaba ili watoto wake wale. Ningesikitika tu, basi.

Kalemie nikaenda moja kwa moja kwa Ilunga. Akaanza habari za magoti yake, kwamba hayawezi treni. Nikamwambia, "Papa Ilunga, magoti haya haya yalikupeleka sokoni kumusema. Yatakupeleka na Kabalo." Akakasirika. Akasema hakusema vibaya, alirudia tu maneno ya watu. Mke wake, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Watu gani? Ilikuwa wewe. Mimi nilikuwa pale." Ilunga akainuka, akaingia ndani. Baada ya siku chache alinitumia mtu kuuliza treni inaondoka lini.

Tulikwenda wote: Ilunga, Mama Bernadeta, mjane wa Papa Kisimba, mimi na Feza. Tulimkuta Mulongo amevaa shati jeupe. Hakuna aliyemwambia tunakuja siku hiyo, lakini mke wake baadaye alinong'ona kwamba tangu tulipoondoka alikuwa analifua na kulivaa kila treni inapotajwa. Salamu zilikuwa fupi. Ilunga akasimama mbele yake, akaanza tena habari za magoti yake.

Mulongo akamwita chumbani. Sisi tuliona kwa mlango uliokuwa wazi. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku chuma, kimefungwa turubai na kupakwa grisi, kila nati mahali pake. Wakati wa vita kilikuwa kimekimbia naye porini, kikarudi naye. "Kamata," Mulongo alisema.

Ilunga akainama, akakiinua hadi kifuani. Akasimama nacho pale katikati ya chumba, hajui akiweke wapi.

"Ni kizito," akasema.

"Njo vile ilikuwa miaka yote," Mulongo akamjibu.

Ilunga akalia. Hakukiweka chini, alilia amekikumbatia, machozi yanadondoka kwenye turubai, na hakuna aliyemsaidia kubeba. Alipotulia alisema, "Nilikukosea, ndugu yangu. Ilikuwa mimi." Mulongo akashika upande mmoja, wakakitoa nje pamoja. Sisi wanawake tulikuwa tumeshamwaga machozi yetu kitambo.

Mulongo akapanda treni nasi kurudi Kalemie, lakini usidhani mwanangu kwamba hapo kazi iliisha. Kuunga kulichukua miezi. Feza alisafisha kila kadi kwa brashi laini, akabadilisha nyaya zilizoliwa, akalehemu, akavunjika moyo, akaanza tena. Siku chuma kilipofungwa mahali pake, umeme haukuwepo. Unaijua tabia yetu hapa: umeme ukirudi, mji mzima unakimbia. Huyu apige pasi, yule achaji simu, mwingine asage unga, kabla haujaondoka. Basi uliporudi, watoto nje wakapiga kelele, na Ilunga akaruka kwenda ukutani. "Kuran imerudi!" akasema, maana umeme huku tunauita kuran. "Tuwashe mbio, itaenda!"

Mulongo na Feza walifunika soketi kwa pamoja, mkono juu ya mkono. Ndani ya kile chuma mna vikopo vinavyoweka umeme, na vikilala miaka mingi vinasahau kazi. Ukivipa umeme wote mara moja vinapasuka. "Mutu mwenye alilala na njaa siku nyingi, haumupi ugali," Mulongo alisema. "Unamupa uji kwanza." Wakafunga balbu katikati ya njia ili ipunguze nguvu, wakakilisha umeme kidogo, wakazima, kesho yake kidogo tena. Mara nyingi umeme ulikuja na kuondoka tukiwa tumeketi tu. Haraka haraka haina baraka, tunawaimbia watoto, halafu sisi wenyewe tunakimbilia soketi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali. Mulongo aliwasha. Feni zikavuma. Taa nyekundu zikawaka, si zote, lakini zikawaka, na ile harufu ya vumbi lililopata joto ikanijia hadi nikashika meza. Feza akapandisha vitufe kama nilivyomwonyesha. Mashini ya Ilunga ikatikisika, ikachapa herufi za ovyo, ikanyamaza. Feza akarekebisha kadi moja, akaanza upya. Safari hii ikachapa nusu ya neno, kisha ikaendelea mstari mzima, jina la stesheni na mabehewa yake. Ilikuwa ile orodha tuliyoikata asubuhi ya uporaji. Ilimaliza neno lake kana kwamba tulitoka kidogo kwenda kula ndakala.

Wanafunzi walipiga makofi. Ilunga alitoka hadi uani akipiga kelele kuwaita watu, na safari hii nilimwacha apige. Kwa kweli, mwanangu, mashini ile haina kazi tena. Hakuna mabehewa mengi ya kuhesabu, na simu yako ingeihesabia yote kwa kupepesa jicho. Nilimtafuta Mulongo nimpongeze, nikakuta kiti kitupu.

Alikuwa ametoka. Nilimfuata hadi sokoni, nikasimama mbali. Alikuwa anatembea katikati ya soko, mchana kweupe, polepole, toka wauza mihogo hadi wauza vitambaa. Hakununua kitu. Habari ilikuwa imemtangulia, na watu wakaanza kuinuka. "Papa Mulongo, jambo." "Jambo, mama." "Papa Mulongo, karibu kwetu." Alifika mwisho wa soko, akageuka, akapita tena palepale ili asalimiwe upya. Sikumwita. Nilimwacha asalimiwe mpaka ashibe.

Basi mwanangu, kipande ulichopewa ukitunze, hata kama hujui kinafanya nini na hata kama mama mkwe anataka kukifanya shanga. Usikipime na cha mwenzako. Usiseme ameuza wakati hukuona, kwa sababu neno moja la sokoni linaweza kumfanya mtu abebe chuma peke yake hadi mgongo upinde. Na ukikosea, usitume mtu. Nenda wewe, kwa magoti yako hayo mabovu, ukabebe kwa mikono yako. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo unalijua tangu utotoni. Mimi naongeza kwamba kidole kilichotukanwa hakirudi mkononi mpaka kifuatwe.

Mungu wa baba zetu akulinde uendako na urudiko. Akupe mikono isiyochoka kushika na mdomo unaojua kungoja. Na siku watakapokusingizia, maana watakusingizia, akupe watu wa kukufuata hata huko Kabalo, wakurudishe nyumbani mchana watu wote wakiona.